Vigingi

Tulitoka Duluth theluji ikiwa imefika kitasa cha mlango.
Siku tatu barabarani, Nadine usukani, mimi namenya machungwa,
tukiikimbia baridi kama mdaiwa anavyomkimbia mdai.
Kufika Mojave tukaikuta imetutangulia,
imekaa kitako kwenye meza ya zege, kambi namba kumi na saba,
inatungoja.

Nani alituambia jangwa ni joto?
Usiku ule birika liliganda.
Nililitikisa, likanijibu kwa sauti ya kokoto.

Na vigingi vya hema nimevisahau.
Ishirini na vinne, vya chuma, katika mfuko mwekundu:
nilivihesabu kwa mkono wangu,
nikaviweka, nikaviweka wapi?
Nadine hakusema neno.
Alibana tochi kwapani akanimulika nikisomba mawe,
kila kamba na jiwe lake,
kila jiwe na tusi lake.
Bwana Ochsner wa namba kumi na nane,
amevaa soksi mikononi badala ya glavu,
akaja kusimama kando kama mtu aliyekata tiketi.
"Kaza magharibi," akasema,
akarudi kwenye gari lake lenye jiko na pazia.

Upepo ulikuja saa nane.
Hema likavuta pumzi,
likaishikilia,
likaishikilia,
mawe yakaanza kutambaa.
Tulilala chali, miguu na mikono tumeitandaza pembe nne,
sisi wenyewe ndio vigingi,
watu wazima wenye miaka sitini na ushee.
Nilimsikia akitetemeka gizani.
Nikadhani ni baridi.

Asubuhi miti ya yoshua ilikuwa mikono juu
kama iliyoamriwa kusalimu amri,
sakitu imeng'ang'ania ncha za miiba.
Tukashika njia ya korongo.
Maili ya kwanza, mchanga. Ya pili, mchanga.
Ya tatu, goti la Nadine likagoma.
"Nenda," akasema, "kaone hayo maporomoko yako yasiyo na maji."
Nikaenda.

Kuta zilikaribiana hadi mabega yangu yakazigusa zote mbili.
Mwisho wa korongo palikuwa na ukuta mlaini,
umelambwa na maji ambayo sikuyaona
na sitayaona.
Nilisimama pale.
Nilitegemea kuwaza jambo kubwa;
tangu tuiuze nyumba nilikuwa naliwekea akiba.
Halikuja.
Nilisikia damu yangu ikipita masikioni,
na bukta ya sufu ikiniwasha.

Nikarudi, nikasikia kelele kabla sijapinda kona.
Kunguru wawili wamefungua zipu ya begi,
wanajua zipu kuliko mimi,
mmoja ana jibini, mwingine anavuta mtungi wa haradali,
na Nadine ameketi juu ya mwamba, goti limenyooka,
anacheka hadi machozi yanamshuka.
Hakuwafukuza.
Cheko lile sikuwa nimelisikia
tangu siku tuliyokabidhi funguo
kwa kijana yule aliyeuliza kama bustani inakuja na nyumba.

"Viko mlangoni," akasema.
"Nini?"
"Vigingi. Juu ya rafu, kando ya miavuli.
Niliviona tukiondoka."
"Ukanyamaza?"
"Nilitaka kuona utafanyaje."

Nikavuta hewa nimjibu.
Hewa ilikuwa kali, na ilikuwa na harufu ya haradali.
Maili tatu za kurudi alinishika bega la kushoto,
mimi nikihesabu hatua, yeye akihesabu kunguru,
jua likituchoma shingo, kivuli kikituuma miguu,
majira mawili katika mwili mmoja.

Nyumba tumeiuza. Rafu ile si yetu tena.
Pengine yule kijana anavitazama sasa,
ishirini na vinne, anajiuliza ni vya nini.

Jioni niliyapanga mawe upya.
Nadine akaleta moja, kubwa, analikumbatia kama mtoto,
akaliweka upande wa magharibi.
Namba kumi na nane pazia likasogea.